Sifuri ya Mhongole

Mashine yetu ya mwanga ilijua kila kitu kuhusu goti la Vitalis Mhongole isipokuwa kitu kimoja: kama lilikuwa linauma. Joto, uvimbe, mwendo wa damu, vyote ilivisoma yenyewe pale ilipovikwa. Lakini maumivu hayana kipimo, kwa hiyo sheria ya tiba ya mwanga ilitaka yatoke kinywani mwa mgonjwa, kuanzia sifuri hadi kumi, na mhudumu ayaandike. Mhudumu mwenyewe nilikuwa mimi, Skolastika Gama, na kontena langu lilikaa hatua mia mbili kutoka mdomo wa handaki la reli, ndani ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo ukungu hauna adabu, unaingia bila hodi.

"Kamwene, Mngoni," Mhongole aliniamkia asubuhi ile, akivua buti. "Bado mpo tu? Mlikimbia vita toka Natali mkasema mnapita, mpaka leo mnapita."

"Tukiondoka nani atawalindia mbwa, nyie Wahehe? Si mtawamaliza Iringa nzima kwa mchuzi?"

Foleni ikacheka. Mhehe na Mngoni ni watani tangu babu zetu walipopigana wakachoka, na utani una sheria zake: hakuna kununa, hakuna kuomba radhi, na lisemwalo kwa utani halishikwi. Kila asubuhi mimi na Mhongole tuliwafungulia wenzetu siku namna hiyo. Kusema kweli nilikuwa naamka kitandani kwa sababu ya matusi yale, maana kambi ile haikuwa na burudani nyingine.

Nikamvika soksi ya mwanga gotini. Ni kitambaa laini tu, ila kimefumwa kwa taa ndogo kuliko punje ya ufuta, na taa hizo hutoa mwanga uliopita wekundu, ambao jicho la binadamu haliuoni. Mwanga wa kwanza huingia nyamani vidole viwili na kuziamsha seli zizalishe nguvu, zishone palipochanika. Mwanga wa pili ulivumbuliwa baadaye, nao haushoni kitu. Unainyamazisha mishipa ya fahamu, basi. Mashine huchagua kati ya hiyo miwili kwa kufuata namba ya mgonjwa: akiwa anaumwa humpa wa kwanza, akisema haumwi humhesabu amepona na kumpa wa pili, ili afanye kazi siku nzima bila kuchechemea.

Jiwe lilikuwa limemwangukia Mhongole gotini wiki tatu nyuma. Zamani angelala nyumbani miezi mitatu. Tangu mwanga uje, mkataba wa handaki unatoa siku tatu za jeraha, na ya nne uko kazini.

"Haya, Mhehe. Namba."

"Mguu umekufa, Mngoni. Toka juzi. Leta sanda tuuzike."

"Sanda ya nini? Tutauviringisha kwa ngozi ya mbwa, ujisikie uko kwenu."

Watu wakaangua kicheko, na mimi, huku machozi ya kucheka yananitoka, nikabonyeza sifuri. Mtu anayeumwa hatanii hivyo, ndivyo nilivyojiambia. Ilikuwa sifuri yake ya tisa mfululizo.

*

Saa nne, foleni imekwisha, nikaanza kufuta mashine. Darini mle kontenani kuna kamera ya joto, inayoangalia tu kama taa za soksi zinawaka sawasawa. Picha ya mwisho ilikuwa bado kwenye kioo: Mhongole ameketi, buti mkononi, miguu yote miwili peku. Mguu wa kulia ulikuwa wa rangi ya chungwa hadi kwenye kucha. Wa kushoto ulikuwa wa chungwa gotini, chini ya goti ukawa wa kijani, na kuanzia kifundoni ulikuwa wa buluu.

Nikadhani kamera imeharibika. Nikavua kiatu changu, nikauweka mguu wangu palepale. Chungwa. Nikasoma namba zilizoandikwa pembeni ya picha: kidole gumba cha kushoto cha Mhongole kilikuwa na nyuzi joto kumi na tisa. Hata maji ya bomba letu yana joto kuliko hapo.

Mguu umekufa toka juzi. Alikuwa ananijibu swali langu, na mimi nilikuwa nacheka.

Nikaketi kwenye kile kiti chake. Damu ilikuwa inaziba chini ya goti, na kila asubuhi maumivu yalipokuja kubisha hodi kuleta habari hiyo, mwanga wa pili uliyafukuza. Mashine haikuwa na kosa. Soksi ilifunika goti, na goti lilikuwa limepona vizuri. Kuhusu huko chini ilimuuliza Mhongole, Mhongole akaniambia mimi, nami nikaiambia sifuri.

Nikashika redio. "Injinia Kessy, Injinia Kessy, mtoe Mhongole kwenye mashine ya kutoboa! Mtoe sasa hivi!"

Kessy, mkuu wa zamu, hakujibu. Nikatoka mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Sijafika nusu ya njia, king'ora kikalia humo ndani ya mlima.

Mashine ya kutoboa mwamba ina uzito wa tani arobaini, na kila kitu chake kinajiendesha isipokuwa breki. Breki imeachiwa mguu wa mtu, ili mtu awe na neno la mwisho. Asubuhi ile ilipita alama kwa mita nne. Dereva aliamini kabisa amekanyaga, kumbe buti lake lilikuwa pembeni ya kanyagio, na yeye hakujua. Mpimaji aliyekuwa mbele alijitupa ubavuni mwa ukuta, akapona kwa kuchubuka kiwiko.

Nilimkuta Mhongole amekalishwa kwenye kitoroli, analia kwa hasira. "Nimekanyaga!" alikuwa akisema. "Naapa kwa mama yangu, nimekanyaga!"

*

Daktari wa mkoa alitokea kwenye kioo cha kontena, akaangalia picha, akaniagiza nibonyeze vidole vya mguu. Helikopta isingetua hadi kesho, kwa ukungu ule. Akasema kimebaki kitu kimoja, nacho kianze kabla ya saa saba: soksi mbili, kuanzia paja hadi vidoleni, mwanga wa kwanza dakika kumi na mbili, kupumzika dakika nane, mizunguko kumi na miwili bila kukatiza. Mapumziko ni ya lazima, maana mwanga huu una tabia ya chumvi: kidogo unafaa, ukizidi unaharibu ulichokuwa unatengeneza. Huenda damu ikafungua njia.

"Na maumivu?" nikauliza.

"Yatarudi. Ya siku tisa, kwa mara moja. Na dawa ya kutuliza usimpe, damu yake haiwezi kuichukua kwa sasa."

"Na akipata mwanga wa pili?"

"Atasimama vizuri mpaka jioni. Kesho tutaukata." Akaaga, ana wagonjwa wengine.

Injinia Kessy alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ni Mchaga wa Marangu, mtu wa ratiba. "Vitalis," alisema taratibu, "ukuta wa zamani unafunguliwa saa tisa. Siwezi kuuahirisha, maji yanajaa nyuma yake."

Hapo ndipo nilipokumbuka ni siku gani.

Miaka miwili kabla, upande wa pili wa handaki uliporomoka. Watu saba walitolewa. Wa nane alikuwa Gervas Mhongole, mdogo wake Vitalis, naye alibaki nyuma ya mawe. Kaka yake aliomba kazi upande wetu, akajifunza kuendesha ile mashine, akatoboa mlima miezi ishirini akimfuata, na ukuta ule ndio pekee uliobaki kati yao. Alimwahidi mama yao, kule Kilolo, kwamba mkono wa kwanza kumgusa Gervas hautakuwa wa mgeni.

"Nipe mwanga wa pili, Skola," Mhongole akasema. Hakuwahi kuniita jina langu. "Masaa sita tu. Nisimame, nimpokee. Kesho wakate wanapotaka."

"Ni mguu, Vitalis."

"Najua kuwa ni mguu. Ni wangu."

Sasa niambie, wewe unayesoma, ungefanyaje? Mtu mzima, ana akili zake, anaujua mguu wake na anaijua ahadi yake. Mashine ilikuwa mbele yangu inasubiri namba. Yeye hakuwa na hisia yoyote chini ya goti, kwa hiyo namba yake ya kweli ilikuwa sifuri, na sifuri ingeleta mwanga wa pili. Ili mashine impe mwanga wa kuponya, mtu alipaswa kuidanganya, aandike kumi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kessy alikuwa anaangalia nje. Ningebonyeza kumi, ningemfunga mikanda, angepiga kelele, na kesho angekuwa na miguu miwili. Nani angenilaumu? Nilikuwa tayari nimeshaandika namba tisa kwa niaba yake, ya kumi ilikuwa na ugumu gani?

Wazo hilo ndilo lililoniondoa kidole. Nilikuwa nakaribia kutosikiliza kwa mara ya kumi.

"Vitalis, nisikilize kwanza," nikasema. "Juzi uliniambia mguu umekufa. Jana ukaniambia. Leo ukaniambia. Nikacheka, nikaandika huumwi. Laiti ningekuuliza mara moja tu kama unasema kweli, leo ungesimama ukutani na mguu wako mzima. Ni mimi niliyeuua."

Nilitamani anitukane.

"Na mimi ningekuambiaje?" alisema. "Ningesema kwa ukweli, ungeniondoa kwenye mashine. Nilijua utacheka. Niliusema kwa utani ili niwe nimeusema."

Loo! Mhehe yule! Nikahisi hasira na huruma vinanipanda kwa pamoja, nisijue nianze na kipi. Kumbe tulikuwa wawili kwenye uongo ule, na tulikuwa tumejificha nyuma ya mlango mmoja.

"Sasa sikiliza neno la mtani wako," nikasema. "Msibani kwenu, nani anachimba kaburi?"

Akageuza uso ukutani.

"Nakuuliza, Mhehe. Babu yako alipokufa, nani alishika jembe? Nani alisonga ugali, nani alivaa koti la marehemu akamwigiza mpaka wajane wakacheka? Ni nyie mliokuwa mnalia?"

"Ni Wangoni," akasema kwa sauti ndogo.

"Mkono wa mtani ni wa mgeni?"

"Skola..."

"Nakuuliza, ni wa mgeni?"

"Si wa mgeni."

"Basi nitakwenda mimi. Sikulazimishi. Ukitaka sifuri, nitaandika sifuri kama ulivyosema, na nitakushika mkono mpaka ukutani. Lakini ukitaka kumi, itabidi ukae hapa peke yako, maana mimi nitakuwa ndani. Na ujue, sheria inasema mgonjwa akitamka 'zima', mashine inazima. Hutakuwa na wa kukuzuia. Ukitamka mara moja tu, mguu umekwenda."

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika nne. Kessy alikohoa. Mhongole aliangalia mguu wake kama mtu anayeangalia mzigo asioujua ni wa nani, kisha akauinua kwa mikono yote miwili, akauweka juu ya kitanda.

"Andika kumi," akasema.

*

Handakini mlikuwa na baridi na harufu ya maji yaliyolala. Kikosi cha uokoaji, watu wanne wenye mavazi meupe, walishangaa kuniona. Kessy, ambaye sikumtarajia, aliwaambia, "Huyu ni wa familia." Hakujua kwamba amesema kweli.

Muda wote sikio langu lilikuwa kwenye redio. Kontena lilikuwa linanitumia taarifa kila mzunguko unapokwisha. Wa kwanza, kimya. Wa pili, wa tatu, kimya. Katika mzunguko wa nne niliisikia sauti yake kupitia redio, sauti moja ndefu isiyokuwa na neno ndani yake, na wale watu wa mavazi meupe wakageuka wote.

"Izime hiyo redio," mmoja akasema.

"Siizimi," nikajibu. Kama yeye alivumilia kuyapata maumivu yale, mimi nilipaswa kuvumilia kuyasikia.

Katika wa tano akaanza kuomba. Alimwomba Mungu, akamwomba mama yake, akaniomba mimi. Alisema, "Skola, rudi. Skola, njoo unishike tu." Niliuma kidole changu mpaka nikaonja damu. Nilingoja lile neno moja, mzunguko wa sita, wa saba, na nilijua akilitamka nitamwelewa.

Saa tisa na dakika ishirini jiwe la mwisho likavutwa. Maji yakatoka kwanza, kisha hewa, kisha taa zetu zikaingia. Gervas alikuwa amekaa, mgongo kwenye ukuta, kofia kichwani. Mlima ulikuwa umemtunza. Watu wa mavazi meupe wakasogea na mfuko wao.

"Ngojeni," nikasema.

Nikapiga magoti kwenye matope, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Nilikuwa naogopa, sitaficha. Sijawahi kumtania mfu nikiwa peke yangu, bila bibi zangu kunifundisha la kusema. Ila mtani akinyamaza msibani, huyo amekuja kufanya nini?

"Mhehe mvivu wewe," nikamwambia. "Miaka miwili umelala, wenzako wanatoboa mlima mzima kuja kukuamsha. Hata aibu huna. Haya, simama, mama yako amepika."

Nyuma yangu vijana wawili wa Iringa waliokuwa wameshika taa wakacheka, kicheko kile kinachotoka na machozi. Tukambeba. Njiani, karibu na mdomo wa handaki, nikafanya kama mila inavyotaka: nikalala chini katikati ya reli, nikazuia maiti isipite bila mtani kupewa chake. Kessy alidhani nimerukwa na akili, akaanza kunivuta mkono. Kijana mmoja wa Iringa akafungua mfuko wake wa chakula, akanitupia yai la kuchemsha. "Chukua, Mngoni, uache njia!" Nikalichukua, nikaacha njia.

*

Mzunguko wa kumi na mbili ulikwisha saa kumi na moja kasoro kidogo. Nilipofungua mlango wa kontena, Mhongole alikuwa amelowa jasho kichwa hadi kiuno, ukanda wa kitanda ameutafuna mpaka nyuzi. Midomo ilikuwa imepasuka. Neno lile hakulitamka.

Nikaangalia kioo. Kijani kilikuwa kimeshuka, kimefika kwenye kifundo, na penye kisigino palikuwa na chungwa. Vidole viwili vidogo vilibaki buluu, na hivyo vingekatwa kesho, nilijua. Vitatu vilikuwa vinarudi. Nikavigusa, akapiga kelele, na ile kelele ikanipa furaha niliyoionea haya.

"Ametoka?" akauliza.

"Ametoka. Yuko kwenye hema, amefunikwa. Nilimshika mimi."

Akafumba macho. Machozi yakapita pembeni, yakaingia masikioni. "Mpigie mama," akasema. "Ya mguu usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Mwambie Gervas ametoka. Mwambie Wangoni ndio waliomtoa."

Nikapiga simu Kilolo, nikaiweka karibu na kichwa chake, naye asikie. Mama alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Bila shaka alikuwa ameishika simu tangu asubuhi. Nikamwamkia, nikamwambia jina langu na kabila langu, nikamwambia kwamba kijana wake ametoka mlimani, na kwamba mkono wa kwanza ulikuwa wetu.

Niliisikia pumzi yake, na kuku wanapiga kelele uani kwake.

"Wangoni?" akasema bibi yule, sauti inakatika. "Ndiyo maana mmechelewa miaka miwili."

Kisha tukamsikia akilia.